Unguja hadi Muscat kwa ndege: umbali na saa halisi za safari

Binti Forodhani:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, atapanda ndege ya moja kwa moja kutoka Unguja kwenda Muscat kumtazama dada yangu aliyejifungua. Tiketi inaonyesha kuondoka 14:35 na kufika 21:00, yaani saa 6 na dakika 25. Ya kurudi inaonyesha kuondoka 09:00 na kufika 13:25, ambazo ni saa 4 na dakika 25. Njia ni ile ile, sasa hizo saa 2 zimekwenda wapi? Naomba pia kujua umbali wenyewe, kwa kuwa goti la mama halistahimili kukunjwa muda mrefu.

Nahodha wa Nchi Kavu:
Waaleikum salaam. Kila muda ulioandikwa kwenye tiketi ni wa mji unaohusika, na Oman imetutangulia kwa saa 1. Punguza saa 1 katika hesabu yako ya kwenda, iongeze katika ile ya kurudi, na zote mbili zitakupa saa 5 na dakika 25.

Umbali ni takriban kilomita 3,900 ukipimwa kwa kufuata mviringo wa dunia, na mstari huo unapita baharini mbele ya pwani ya Kenya, kisha juu ya Somalia, unavuka tena bahari, kisha unaingia Oman upande wa Salalah. Kwa mwendo wa kilomita 840 hivi kwa saa, angani pangetosha saa 4 na dakika 40. Zinazobaki huliwa na kutembea uwanjani, kupanda, kushuka na kupinda njia, maana muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama. Mwombee kiti cha ujiani, aweze kunyoosha mguu. Wazee wetu waliokwenda huko kwa jahazi walilazimika kwanza kuisubiri kusi, kwa hiyo mama asilalamike sana.

Mtende:
Mimi ningehofia zaidi namna ya kuusoma muda huo. Shangazi yangu alikuwa na tiketi ya 02:10 ya tarehe 15, akaisoma kuwa ni saa mbili usiku, akafika uwanjani tarehe 15 saa kumi na mbili jioni na mabegi yake matatu, wakati ndege ilikwishaondoka saa nane ya usiku uliotangulia. Alipaswa kutoka nyumbani tarehe 14. Kwa hiyo 14:35 mwambie mama ni saa nane na dakika thelathini na tano mchana, na awe uwanjani saa tano na nusu.

Jambo jingine ni Magharibi. Nilisafiri mchana kama huo mwezi wa Desemba, na kwa kuwa tulielekea kaskazini mashariki, jua lilituzamia angani karibu saa nzima mapema kuliko tulivyozoea Unguja. Asiitegemee saa ya mkononi, atazame dirishani.

Binti Forodhani:
Nashukuru sana. Nimemwandikia kwenye karatasi kwa saa zetu: kuondoka saa nane na dakika thelathini na tano mchana, kufika saa mbili usiku ya Unguja, ambayo huko ni saa tatu. Ameisoma mara mbili, kisha akaniuliza chakula kitatolewa saa ngapi.