Naomba ushauri: nibaki na mama wa waipa au niongeze mwingine?

Wakuu, habari zenu. Nina dakika kumi za kuongea na kidato cha pili kuhusu wavumbuzi wa Marekani. Edison wameshamchoka.

Nimempata Mary Anderson wa Alabama. Akiwa kwenye tramu New York, theluji inadondoka, akaona dereva anafungua kioo cha mbele ili aone njia, baridi yote ndani! Akabuni waipa ya kufutia kioo, ya kuvuta kwa mkono, hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya wazo lake) akapata 1903. Alipojaribu kuiuza, kampuni moja ya Kanada ikamjibu kwamba waipa hiyo haina faida kibiashara. Hataza ikaisha muda 1920.

Sasa, nibaki naye tu, au nimuunganishe na Margaret Knight, yule wa mashine ya mifuko ya karatasi aliyemshinda mwizi wa wazo lake? Vijana hawa wakiboreka wanasinzia kweli, tena baada ya ugali.