Mjadala: Mtoto anayechelewa kusoma ahamishiwe kitengo, au abaki na wenzake?

Ndugu walimu na wazazi, swali hili huzuka kila mwaka mtoto anapofika darasa la pili hajui kusoma. Wapo wanaoshauri kwamba mtoto wa namna hiyo, awe na ulemavu wa akili, usonji au ile shida ya kusoma iitwayo disleksia, ahamishiwe kitengo cha elimu maalumu, kwa kuwa huko wanafunzi ni wachache na mwalimu amesomea kazi hiyo. Hoja yao ina uzito, nami siibezi, lakini siikubali.

Ninafundisha darasa la pili hapa Tanzania. Mwaka juzi nilikuwa na wanafunzi 92 katika chumba kimoja, ilhali kiwango kilichowekwa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Katika umati huo watoto huitikia kwa pamoja, ba be bi bo bu, na asiyejua hufungua kinywa nusu pumzi nyuma ya wenzake bila mwalimu kutambua. Kulikuwa na mvulana aliyekuwa akisoma ukurasa mzima huku kidole chake kikifuata maneno, nami nikimpongeza. Siku moja nikafunika picha kwa kiganja, nikamwomba aisome sentensi kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza. Alinyamaza, machozi yakamlengalenga. Ukurasa ule alikuwa ameukariri kwa kuwasikiliza wenzake.

Tulianza upya na kadi kumi za silabi, dakika 20 kila asubuhi kabla ya mstari, akiandika kwa chaki sakafuni kwa sababu penseli ilimchosha vidole. Kiswahili chenyewe kilitusaidia, maana irabu zake ni tano na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, hivyo aliyeweza kuunganisha m na a aliweza kuisoma mama bila kubahatisha. Ugumu ulibaki kwenye mb, nd, ng' na mbw, na kwenye maneno marefu: alitamka kila silabi ya wanakimbizana kwa usahihi, lakini polepole kiasi kwamba alipofika mwisho alikuwa amekwisha kusahau neno lilivyoanza. Kufikia Novemba alisoma sentensi fupi na kuandika jina lake na la mama yake. Hakuwafikia wenzake, lakini alikuwa anasoma.

Kitengo kimoja nilichowahi kukitembelea kilikuwa na watoto wa miaka saba na vijana wa miaka kumi na mitano chumba kimoja, wenye mahitaji yasiyofanana hata kidogo, na sehemu kubwa ya siku walitengeneza mazulia ya kufutia miguu. Simlaumu mwalimu wao, ambaye alikuwa peke yake. Lakini mtoto anayehitaji kuunganisha sauti kila siku angeipatia wapi nafasi hiyo pale?

Mtoto kiziwi na mtoto asiyeona siwazungumzii hapa, kwani wa kwanza anahitaji lugha ya alama na wa pili nukta nundu, pamoja na walimu wanaozimudu. Hata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale yanapohitajika mawasiliano maalumu.

Ninachopendekeza ni kwamba mwalimu wa elimu maalumu ndiye aende darasani kwa mtoto, na kwamba zile dakika 20 ziingizwe kwenye ratiba ya shule badala ya kutegemea huruma ya mwalimu anayewahi kufika. Wanaotetea kuhamisha ninawaomba wanijibu jambo moja: ni watoto wangapi mmewashuhudia kwa macho yenu wakitoka kitengoni na kurudi darasa la kawaida wakiwa wanasoma?