William Conrad wa Gunsmoke ya redio: ilikuwaje runinga ikamnyima nafasi yake mwenyewe?

Kibatari:
Wakuu, habari zenu. Wiki nzima nasikiliza rekodi za Gunsmoke, tamthilia ya Kimarekani ya Matt Dillon, mtu wa sheria wa mji wa Dodge City, ile ya redio. Zamani nilikuwa naijua ya runinga tu, ya James Arness. Huyu Matt Dillon wa redio ana sauti ambayo ukizima bado unaisikia. Nikaambiwa ni William Conrad, nikatafuta picha yake, nikajikuta namwangalia yule mpelelezi mnene wa Cannon, tamthilia ya runinga! Ndiye kweli? Na kama ndiye, ilikuwaje akanyimwa nafasi aliyoijenga mwenyewe? Filamu alicheza, au alikuwa mtu wa redio tu?

Jembe Butu:
Ndiye. Alinyimwa kwa sababu ya tumbo. Uzi ufungwe.

Sauti Kavu:
Jembe, tulia kwanza, usifunge.

Kibatari, huyo mtu namfuatilia kwa sababu tunakula sahani moja. Mimi kazi yangu ni kuingiza sauti kwenye tamthilia za kutafsiriwa. Nakaa kwenye chumba chenye ukubwa wa kabati, sponji ukutani, nawasemea majenerali na mababa wakwe wakorofi. Kuna jamaa waliwahi kuisikia sauti yangu wakanipigia simu, wanataka nicheze mfalme mbele ya kamera. Nilipofika, aliyenifungulia mlango akachungulia nyuma yangu, kama vile mfalme mwenyewe bado anapaki gari. Kwa hiyo habari za Conrad nazisoma kwa uchungu kidogo, mnisamehe.

Tumbo ni kweli. Alikuwa mfupi na mnene, na Arness alikuwa na urefu wa karibu mita mbili. Gunsmoke ilianza redioni, kwenye kampuni ya utangazaji ya CBS, tarehe 26 Aprili 1952. Ya runinga ikaanza Septemba 1955, na Conrad hakuwemo. Wala hakuachwa peke yake. Parley Baer aliyekuwa Chester, Howard McNear aliyekuwa Doc na Georgia Ellis aliyekuwa Kitty, wote walibaki redioni. Ila redio haikufa siku hiyo. Iliendelea hadi Juni 1961, kwa hiyo kwa karibu miaka sita Marekani ilikuwa na Matt Dillon wawili, mmoja wa kutazama na mwingine wa kusikiliza. Hebu fikiria, unaingia kazini kila wiki kusema maneno ya mtu ambaye nchi nzima sasa ina sura yake, na sura hiyo si yako.

Halafu haikuwa mara ya kwanza. Januari 1948, kwenye kipindi cha redio cha Escape, Conrad aliigiza Leiningen, yule mwenye shamba anayekataa kuhama siafu wanapokuja kwa mamilioni. Mchezo wote umekaa mabegani mwake. Mwaka 1954 kisa hicho hicho kikawa filamu, The Naked Jungle. Nani Leiningen? Charlton Heston. Conrad yumo humo humo, kapewa nafasi ya kamishna wa serikali! Sijui alijisikiaje siku ya kwanza ya kupiga picha, lakini mimi ningeumwa kichwa ghafla nikarudi nyumbani.

Umeuliza kuhusu filamu. Alizicheza, na mlango aliingilia pazuri. Itafute The Killers ya 1946. Dakika za mwanzo kabisa wanaingia majambazi wawili kwenye mkahawa, Charles McGraw na Conrad, wanamtafuta mtu anayeitwa Msweden. Wanaagiza chakula, wanamkejeli mwenye mkahawa, na wewe unayetazama tumbo linakukaza ingawa hakuna aliyetoa bastola bado. Conrad pale hahitaji kupiga kelele. Burt Lancaster alitokea kwenye filamu hiyo kwa mara ya kwanza akatoka nyota. Conrad akatoka na kazi nyingine za namna ile ile: jambazi, polisi, mwenye klabu.

Bi Tausi:
Msiseme unene tu. Agnes Moorehead hakuwa mnene. Sorry, Wrong Number aliicheza redioni Mei 1943, mwanamke mgonjwa kitandani na simu yake, karibu mchezo mzima ni pumzi zake tu. Ilipotengenezwa filamu 1948 nafasi ilikwenda kwa Barbara Stanwyck, kwa sababu jina la Stanwyck lilikuwa linauza tiketi. Tena Stanwyck akateuliwa kugombea Oscar.

Sauti Kavu:
Bi Tausi umenena. Na katika filamu hiyo hiyo ya Stanwyck, nani kacheza jambazi Morano? Conrad!

Jembe Butu:
Sawa, lakini tuongee ukweli. Arness alifaa. Misimu 20 si mchezo. Mtu wa sheria wa Dodge City lazima akisimama mlangoni taa ifunikwe.

Sauti Kavu:
Sikatai, Arness alifaa kwa kazi ya kusimama mlangoni. Lakini Dillon wa Conrad ni mtu mwingine. Sikiliza mwanzo wa kila kipindi, anapoieleza kazi yake: ni ya kubahatisha, inamfanya mtu awe macho... halafu ananyamaza kidogo, ndipo anamalizia kwamba inamfanya pia awe mpweke. Mara nyingi nimejaribu kuuiga ule mnyamao nikiwa peke yangu studio. Nikiuchelewesha kidogo nasikika kama nimesahau maneno. Nikiuwahisha, upweke haupo tena. Yeye aliupatia wiki baada ya wiki, huku mafundi wa sauti wakiweka nyayo za buti kwenye mbao na mbwa anayebweka mbali. Taratibu, bila haraka. Arness hakuwa na haja ya mnyamao huo, kamera ilimfanyia.

Kibatari:
Dah. Kwa hiyo baada ya hapo alifanya nini mpaka Cannon?

Sauti Kavu:
Alikula kwa sauti. Yule msimulizi wa katuni za Rocky na Bullwinkle, anayehema kama anafukuzwa, ni yeye. Msimulizi wa The Fugitive, 1963 hadi 1967, ni yeye. Akaongoza filamu pia, na hata vipindi viwili vya Gunsmoke ya runinga, yaani alisimama nyuma ya kamera akimwelekeza Arness. Cannon ilikuja 1971, amefikisha miaka hamsini, na safari hii lile tumbo ndilo lililoandikwa kwenye hadithi: mpelelezi mlaji, gari kubwa. Ikaenda hadi 1976. Akafariki Februari 1994.

Anza na Leiningen. Vaa visikizio, zima taa. Siafu wanaanza mbali sana, usiongeze sauti.

Jembe Butu:
Nimeanza. Nimewasha taa.