Mji Mkongwe: vibali vya hoteli visimamishwe mpaka nyumba za wakazi zitengenezwe?

Wadau, naomba tulijadili hili bila kutupiana maneno. Kila msimu malalamiko ni yale yale: mtu katoka Dar, Nairobi au Ulaya, kashuka bandarini Malindi, na baada ya siku mbili anasema Mji Mkongwe wa Unguja si ule aliousikia. Wenyeji nao wanamjibu kwamba alifuata picha, hakufuata mji.

Mimi ni mtu wa bara, na mji ule umenivunja moyo kweli. Lakini sibishani kuhusu papasi, wale vijana wanaowafuata wageni mitaani kuwauzia huduma. Ukimwambia "ahsante kaka, sihitaji" kwa heshima, mwishowe anakuacha. Bei za vyakula pale bustani ya Forodhani nazo zinavumilika. Hata Beit al-Ajaib kuzungushiwa uzio naelewa. Jumba lile la Sultani Barghash, la mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili wakapoteza maisha, na kulirudisha lilivyokuwa ni kazi ya miaka.

Kilichonikata maini nilikiona Kiponda, kwenye kichochoro ambacho watu wawili hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu. Upande mmoja hoteli: mlango wa kuchongwa umepakwa mafuta, njumu za shaba zinang'aa, ukuta una chokaa mpya. Upande wa pili nyumba ya umri ule ule, wanaishi watu. Bibi mmoja alinikaribisha juu. "Pita mwanangu, lakini kanyaga pembeni, katikati pamelegea." Chumbani kulikuwa na beseni chini ya dari, na boriti moja imeegemezwa gogo.

Fundi jirani akanieleza ugonjwa wenyewe. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa inapumua. Mtu akikosa chokaa au fundi wa chokaa, anapiga plasta ya saruji kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Unyevu na chumvi vinafungiwa ndani, jiwe linakuwa unga, na maji yanafika kwenye vichwa vya boriti za mikoko vilivyozama ukutani. Kichwa cha boriti kikioza, dari inashuka. Yaani nyumba inauawa na matengenezo ya mtu asiye na uwezo wa matengenezo mengine.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilichukua nyumba nyingi mjini na kuziingiza familia nyingi. Nyingine ni za Wakfu, yaani zilitolewa kwa ajili ya dini au hisani. Kodi ilikuwa ndogo, na haikutosha kuziba paa. Familia kadhaa zikichangia ngazi moja, ngazi hiyo haina mwenyewe. Nyumba ikishachoka, watu wanahamishwa au wanahama, na anayekuja na pesa za kuitengeneza ni mwekezaji wa hoteli.

Hapa wapinzani wangu wana hoja nzito, nami naiheshimu: bila hoteli nyumba nyingi zingekuwa vifusi leo. Ni kweli. Vijana pia wanapata kazi. Lakini UNESCO ilipouingiza mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, iliutambua kama mji wa biashara wa Waswahili, na mji wa Waswahili una madrasa, baraza zenye wazee na watoto wanaotumwa dukani. Kila nyumba inayogeuka hoteli inaokoa kuta na kupoteza familia. Na uwekezaji wenyewe hauokoi siku zote: ujenzi wa hoteli pale Mambo Msiige, jumba la kale la Shangani, uliifanya UNESCO yenyewe ilalamike.

Wapo wanaosema wakazi wenyewe wanataka kuondoka, wapate choo kizuri na pa kuegesha gari. Atakayetaka aende, ni haki yake. Ninayemsemea ni yule anayefukuzwa na paa.

Msimamo wangu: nyumba yoyote yenye wakazi isipewe kibali cha kugeuzwa hoteli au duka la vinyago kabla wakazi hao hawajapewa nafasi ya kutengenezewa na kubaki. Pesa zitoke kwenye tozo anazolipa mgeni kwa kila usiku anaolala, ziende moja kwa moja kwenye chokaa, boriti na kufundisha mafundi. Inawezekana. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan, ikafunguliwa tena 2009, na hadi leo jioni familia za Unguja zinakaa pale na watoto wao wanaruka baharini. Ukarabati haukumfukuza mtu.

Sasa nawaomba wakazi wa Malindi, Kiponda na Mkunazini mtangulie kuchangia kabla yetu sisi wageni: mkiletewa chokaa na fundi, mtabaki? Na wenye hoteli, mko tayari sehemu ya tozo iende kwenye paa la jirani?