Nina bipola, usingizi umepotea tangu Ramadhani. Nifanyeje?

Mama Mahamri, Likoni
Asalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa wenye maradhi kama yangu au wanaoishi na mgonjwa.

Nina watoto wawili na kazi yangu ni kuuza mahamri na mbaazi asubuhi. Nina bipola, ule ugonjwa wa akili wa kuchangamka kupita kiasi na kuzama kwenye huzuni, natumia lithiamu, dawa ya kuutuliza, na kwa muda mrefu nilikuwa nimetulia. Ramadhani ikavuruga kila kitu: tarawehe, kupika daku, kulala baada ya alfajiri. Nikasema Idi ikipita nitarudi sawa. Idi imepita, na bado usingizi unanijia saa saba usiku, saa tisa niko macho nakanda unga. La ajabu ni kuwa sichoki. Nina nguvu kutwa nzima, nimeanza kupanga kufungua kibanda cha pili na cha tatu, na mume wangu asema naongea mbio hata hanifuati.

Muuzaji wa duka la dawa ataka kunipa vidonge vya usingizi. Mamangu asema ni jini, nikasomewe. Miadi yangu ya kliniki iko mwezi ujao. Nisubiri?

Kijana wa Bamburi
Pole dada. Mimi nilikuwa silali kwa sababu ya muguka. Nilipoacha, usingizi ukarudi. Kama unatumia miraa, muguka au kahawa jioni, acha kwanza. Na simu usilale nayo.

Nesi Changamwe
Dadangu, kuhusu kahawa na muguka kijana amesema kweli, lakini hapa kuna jambo kubwa zaidi. Mtu aliyekosa usingizi tu huamka amechoka. Wewe unalala saa mbili na nguvu zinazidi, mipango inaongezeka, maneno yanakwenda mbio. Kwa mwenye bipola hiyo huwa dalili kwamba mania, yaani ile hali ya kuchangamka kupita kiasi, inaanza, na kukosa usingizi kwenyewe huichochea. Usingoje mwezi ujao. Nenda kesho, umwambie daktari hayo hayo uliyoandika hapa. Hospitali ya Port Reitz kuna kitengo cha afya ya akili, na Coast General pia.

Vidonge vya dukani usinunue. Amitriptilini, ambayo wengi hupewa ili walale, ni dawa ya sonona na inaweza kukusukuma zaidi kwenye mania. Diazepamu nayo huzoesha mwili. Ukisoma mahali kwamba ukeshe makusudi ili usiku wa pili ulale vizuri, hilo si lako kabisa.

Lithiamu usiiache wala usiiongeze mwenyewe. Uliza kama damu yako ipimwe kiwango cha lithiamu. Unakaa mbele ya jiko kwenye joto la Mombasa, unatoka jasho, kwa hiyo kunywa maji ya kutosha na usikate chumvi ghafla. Ukiumwa kichwa usimeze ibuprofeni wala diklofenaki, zinapandisha lithiamu mwilini. Mikono ikitetemeka sana, ukatapika, ukaharisha au ukayumba, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Baba Zuhura, Mishomoroni
Nimemuuguza mdogo wangu mwenye hali hii. Dada, mumeo aende nawe kliniki, tena aingie ndani kwa daktari. Mdogo wangu kila mara alisema "niko sawa kuliko nyinyi nyote", na kweli alijihisi hivyo. Mipango ya vibanda isimame kwanza, akiba ishikwe na mtu mwingine. Sisi tulichelewa, pikipiki ikauzwa kwa bei ya kutupa.

Bibi wa Mji wa Kale
Mwanangu, kusomewa hakukatazi hospitali. Mwambie mamako akusomee hapo nyumbani jioni, taa zikiwa zimepunguzwa, na asubuhi mwende kwa daktari. Asikwambie uache dawa. Ramadhani ijayo, kabla ya mwezi kuandama, zungumza na daktari kuhusu kufunga. Mgonjwa ana ruhusa, wala usione haya kuitumia.

Nesi Changamwe
Ahsante Bibi. Dada, ukizidiwa usiku na unahitaji mtu wa kuzungumza naye, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Ukikosa kulala kabisa au ukaanza kusikia sauti, usipige simu, nenda kitengo cha dharura.

Mama Mahamri, Likoni
Nimemsomea mume wangu majibu yenu yote. Ameniambia ni haya haya amekuwa akitaka kunieleza. Kesho tunavuka feri pamoja kwenda Coast General, na mahamri atapika wifi yangu. Kuhusu pesa nimekasirika kidogo, Baba Zuhura, lakini nimempa mume wangu azishike.