MySQL 8.0 inarudia namba moja ya stakabadhi kutwa nzima

Mwana Kibirizi
Wakuu, naombeni msaada. Natunza programu ya stoo ya dagaa hapa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Karani anapima magunia, anahifadhi, stakabadhi inachapwa na namba yake. Kwenye MySQL (mfumo wa kutunza data) toleo la 5.7 hatukuwahi kupata shida. Jumapili nimehamia 8.0, seva mpya. Jumatatu kila stakabadhi imetoka 4117!

Akina mama wawili wamekuja kuchukua mzigo wa kupakia boti ya Burundi, kila mmoja kashika 4117. Mmoja magunia 12, mwenzake 3. Mpaka tumefungua daftari la mzani tukamaliza ubishi, yule wa magunia 12 boti imeshamwacha. Imeniuma sana, maana programu ni yangu.

Kwenye jedwali lenyewe namba ziko sawa, 4117 hadi 4163. Iliyokosewa ni iliyochapwa, ambayo naisoma hivi kabla ya kuhifadhi, kwa kuuliza namba inayofuata (AUTO_INCREMENT) kwenye information_schema, sehemu ya MySQL yenye taarifa za majedwali:

`SELECT AUTO_INCREMENT FROM information_schema.TABLES WHERE TABLE_SCHEMA='stoo' AND TABLE_NAME='stakabadhi';`

Nimezima seva nikawasha, wapi. Leo Jumanne mbili za kwanza zimetoka 4117 tena, halafu baada ya saa moja na robo asubuhi ikaruka yenyewe hadi 4166, ikaganda hapo.

Kijana wa Ujiji
Hiyo ni kache ya maswali, yaani seva inarudisha jibu la zamani ililolihifadhi. Weka `query_cache_type=0` kwenye my.cnf, faili la mipangilio ya MySQL.

Dada Seva
Usiweke, kaka. Kache hiyo iliondolewa kabisa kwenye 8.0, seva itagoma kuwaka.

Mwana Kibirizi, bila shaka Jumatatu ulitoa stakabadhi ya kwanza saa moja na robo. Kuanzia 8.0, takwimu za information_schema, AUTO_INCREMENT ikiwemo, zikishasomwa zinahifadhiwa kwa sekunde 86400, yaani saa 24. Zinakaa ndani ya jedwali `mysql.table_stats`, kwenye diski, ndiyo maana kuzima na kuwasha hakukusaidia.

Kwa sasa hivi, zima uhifadhi huo:

`SET PERSIST information_schema_stats_expiry = 0;`

Kisha programu iunganishwe upya, maana miunganisho iliyokwisha kufunguliwa inabaki na thamani ya zamani.

Lakini nakusihi usiishie hapo. Makarani wawili wakibonyeza kwa pamoja, wote watasoma namba moja hata bila kache. Hifadhi kwanza, ndipo uulize `SELECT LAST_INSERT_ID();` kwenye muunganisho uleule. Kila muunganisho unapewa namba yake, hauchanganyi na ya jirani.

Mwana Kibirizi
Ahsante sana dada. Ni kweli, ya kwanza ilikuwa saa moja na robo, nimeangalia kwenye daftari. Nimebadilisha kama ulivyosema, tumejaribu kompyuta mbili kwa mpigo: 4181 na 4182. Sasa nina stakabadhi 49 zenye 4117, na za leo za 4166. Nazichapa upya kwa kulinganisha uzito na daftari la mzani, naanza na ya yule mama aliyeachwa na boti.