Ndege kanga wa mfarishi: kubandika, kuunganisha vipande au kutarizi?

NuruMshonaji
Habari za jioni wadau. Nataka kushona mfarishi (kile kitambaa cha tabaka tatu zilizoshonwa pamoja) mdogo wa kutundika ukutani, mita moja kwa sentimita 80, wenye kanga watatu wanaodonoa. Nasema kanga ndege, si vazi, ingawa vazi nalo wanasema lilipata jina kwa madoadoa ya ndege huyo huyo. Nina kiroba cha mabaki ya vitenge, kipande cha kaniki (ile pamba ya rangi nzito), merikani (pamba isiyotiwa rangi) ya kutosha na cherehani ya kukanyaga. Nikate umbo la ndege nilibandike? Niunganishe pembetatu mpaka ndege atokee? Au nitarizi tu?

Fundi_Kona
Bandika, usijitese. Weka gamu kwa nyuma, piga pasi, pita ukingoni na zigizaga. Siku mbili kazi imeisha.

NuruMshonaji
Kaka, cherehani yangu inajua mstari ulionyooka tu 😂

Bi Mwana
Basi mwanangu usiache ukingo wazi, kitenge kitachambuka kabla hujakitundika. Acha nusu sentimita kuzunguka umbo, ichanje kidogo kwa mkasi pale panapobonyea (shingoni na chini ya mkia), ikunje ndani, kisha shona kwa mkono. Uzi uwe wa rangi ya ndege, si wa rangi ya nguo ya chini. Miguu usiikate kitambaa kabisa. Nani atakunja kitu chembamba kama njiti ya kiberiti? Hiyo itarizi.

Kipepeo77
Mimi niliunganisha pembetatu, ila ndege wangu alikuwa mbayuwayu. Mabawa yamechongoka, mkia panda, anakubali. Kanga ni duara kama chungu, atakutokea jiwe. Halafu ukikosea milimita mbili tu kila mshono, mishono kumi ikifika umepotea sentimita mbili na kichwa hakikutani na shingo. Yalinikuta, nikafumua jioni nzima.

Bi Mwana
Pole. Tarizi peke yake nayo, ndege watatu wa ukubwa huo, utamaliza mwakani.

Mzee wa Kaniki
Mnazungumzia ukingo, madoa mmeyasahau, na kanga bila madoa ni kuku tu. Usitafute kitenge cha vidoti. Vidoti vya kiwandani vimepangwa foleni, ndege hapangwi hivyo. Mwili uwe kaniki, ubandike juu ya merikani kama alivyoeleza Bi Mwana. Katikati weka blanketi kuukuu jepesi. Usiweke sufi, itajikusanya pembeni. Nyuma merikani tena. Piga bandi (mishono mirefu ya muda) tabaka zote tatu. Sasa chukua uzi mweupe mnene: sindano ichomoze juu, iruke urefu wa punje moja ya mchele, izame mpaka nyuma, itokee mbele kidogo. Kila mruko ni doa, na doa hilo hilo ndilo linaloshika tabaka. Anzia kifuani kwenda nje, la sivyo mikunjo itakusanyika tumboni. Na kaniki uiloweke kwanza, uisuuze mpaka maji yawe safi. Mimi sikuloweka, merikani yangu ikageuka rangi ya wino.

Fundi_Kona
Mzee hapo umenimaliza. Kumbe madoa ni mshono wenyewe.

Kipepeo77
Merikani iliyokuja Zanzibar kutoka Salem, Marekani, karne ya 19, leo inalala na kaniki kwenye mfarishi mmoja!

NuruMshonaji
Nimejaribu kipande cha ukubwa wa sahani. Madoa ya kifuani nimeyabana, ya mgongoni nimeyaachanisha, na blanketi limejaza katikati yake, mgongo umetuna kama wa ndege kweli. Vidole vinauma. Kichwa sasa: uso nimepata kitenge cha buluu, vile vijinyama vyekundu vinavyoning'inia nivikate kitambaa?

Bi Mwana
Vitarizi, mwanangu. Na kijipembe cha utosini usikisahau.